Mkato Shingoni mwa Hondohondo

Vikapu kumi na vinne vilikuwa vimepangwa juu ya kabati la vielelezo kituoni Kibaha, katikati ya betri mbili za gari na mtungi wa gesi ambao mwenyewe hajarudi kuuchukua tangu mwaka juzi. Vilikuwa vikapu vizuri. Hata askari wa zamu, ambao kwa kawaida huvipita vielelezo bila kuvitupia jicho, walikuwa wameanza kuulizana kama kesi ikiisha vitauzwa.

Inspekta Adventina alikuwa na tabia moja iliyowachosha wenzake: hakuwa tayari kuandika neno juu ya kitu ambacho hajakishika. Asubuhi hiyo ya Alhamisi alishusha kikapu kimoja, akakigeuza juu chini, akakinusa, akaingiza mkono ndani hadi kwenye kiwiko. Ulikuwa ukindu safi, mishono imekaa karibu karibu, na ubavuni alikuwapo ndege mweusi mwenye mdomo mkubwa kuliko haja yake. Alikuwa hondohondo. Shingoni mwake ulipita mstari mweupe.

"Afande, hii kesi imejimaliza yenyewe," alisema Koplo Mudathir, msaidizi wake, ambaye tangu saa mbili alikuwa anaulizia chai.

Kwa kweli ilionekana hivyo. Mlalamikaji alikuwa kampuni ya unga wa sembe uitwao Hondohondo, unaosagwa hapo hapo Kibaha na kuuzwa hadi Morogoro, na mfuko wake una ndege huyo huyo mweusi mwenye mstari mweupe shingoni. Nembo imesajiliwa kisheria. Mtuhumiwa alikuwa Zuwena binti Mwinshehe, mwanamke wa miaka arobaini na minane kutoka Chole, Kisarawe, anayesuka vikapu na kuvipeleka kwa muuzaji mmoja pale Maili Moja. Alikuwa nje kwa dhamana. Mkuu wa upelelezi alikuwa ameshasema jalada lifike kwa wakili wa serikali Jumatatu, na likifika kama lilivyo, Bi Zuwena alikuwa anakwenda kujibu shtaka la kughushi alama ya biashara, kosa ambalo mtu anaweza kulilalia gerezani.

Adventina alirudi kwenye barua ya malalamiko. Kurasa tatu za kwanza zilikuwa maneno ya kawaida ya wanasheria, ya kumtisha asiyesoma. Wa nne ndio uliokuwa na meno. Iliandikwa hivi: hondohondo wa porini hana mstari shingoni, mstari ule upo kwenye nembo ya kampuni peke yake, kwa hiyo mtu asiyeiga nembo hiyo asingejua kuuweka. Aliisoma mara tatu. Ilikuwa hoja nzuri, na aliipenda kama fundi anavyopenda kazi ya fundi mwenzake.

Akaweka mfuko mtupu wa unga mezani, akaweka kikapu pembeni yake, kisha akachukua rula. Mudathir alimtazama kwa subira ya mtu aliyekwisha kukata tamaa na chai.

"Njoo utazame. Huu mstari wa kwenye mfuko umelala vipi?"

"Umepanda kidogo. Mshazari."

"Na huu wa kikapu?"

Mudathir aliinama. Ulikuwa umenyooka kabisa, kutoka upande mmoja wa shingo hadi mwingine. Akachukua kikapu cha pili, cha tatu, akaenda hivyo mpaka cha kumi na nne. Vyote mstari ulikuwa umenyooka.

"Basi kaiga vibaya," alisema.

"Mtu anayeiga hukosea kwa kupindisha kilichonyooka, Mudathir. Huyu kakosea kwa kunyoosha kilichopinda, mara kumi na nne. Hilo sijawahi kuliona. Twende tukanywe chai, halafu tumtafute huyo muuzaji."

Muuzaji aliitwa Dulla, kijana mwenye kibanda kando ya barabara kuu ya Morogoro, anayeuza vikapu, mifagio na vyungu vya maua kwa watu wanaotoka Dar kwenda mikoani. Alipoliona gari la polisi alianza kupanga upya mifagio iliyokuwa imepangwa vizuri tu. Adventina hakumtisha, kwa sababu kijana alikuwa ameshajitisha mwenyewe. Alimwuliza wazo la ndege lilikuwa la nani.

Dulla alisema ukweli, na ukweli wake ulikuwa mbaya. Wateja walikuwa wanaupenda unga ule na kumtania ndege wake, akaona akiwa na kikapu chenye ndege huyo kitatoka haraka. Akachukua mfuko mtupu, akapanda pikipiki hadi Chole, akamkabidhi Bi Zuwena mkononi.

"Nikamwambia, mama, nisukie huyu. Huyu huyu. Afande, mimi nilijua ni urembo tu, sikujua ndege naye ana mwenyewe."

"Na yeye akasema nini?"

"Alicheka. Akaucheka ule mfuko mpaka akafuta machozi. Halafu akasema nirudi baada ya wiki mbili."

Mudathir aliandika maelezo hayo kwa mwandiko mzuri, Dulla akatia sahihi. Njiani kurudi kituoni koplo alikuwa mchangamfu. Sasa walikuwa na shahidi kwamba mfuko ulipelekwa kwa mtuhumiwa, na oda ikatolewa kwa kuuonyesha. Adventina alikubali kwamba hali ya Bi Zuwena ilikuwa mbaya kuliko asubuhi. Alichokuwa anajiuliza ni kile kicheko. Mtu anayepewa kazi ya wizi anaweza kuogopa, anaweza kukataa, anaweza kuongeza bei. Kucheka mpaka machozi ni jambo jingine, na alitaka kujua kilichochekesha.

Ijumaa walikwenda Chole. Walishuka kwa njia ya Mlandizi na Mzenga, barabara ya vumbi iliyokuwa imechimbika upande wa dereva tu, na saa nne walikuwa uani kwa Bi Zuwena. Alikuwa amekaa barazani kwake, mguu mmoja ameunyoosha, anasuka. Chane za ukindu, zile nyuzi nyembamba za majani yaliyochanwa na kukaushwa, zilikuwa zinapita vidoleni mwake bila yeye kuzitazama. Walimwamkia, akaitikia, akawatandikia mkeka. Mudathir alitaka kuukanyaga kwa buti zake. Mwanamke yule alizitazama buti, akaendelea kuzitazama, mpaka koplo akainama na kuanza kufungua kamba.

Adventina alimkumbusha kwamba yeye bado ni mtuhumiwa na hana lazima ya kujibu. Bi Zuwena alisema hana cha kuficha ila anaomba asisimamishwe kazi, maana akisimama katikati ya ukili, yaani ule mkanda unaosukwa kabla ya kushonwa kuwa kikapu au mkeka, chane zinamkaukia. Basi wakazungumza hivyo, yeye anasuka.

"Kituoni ulieleza kwamba ndege huyu ni wa kwenu. Kwenu wapi?"

"Kwa mama. Marehemu mama yangu, Mwanahalima. Ndiye aliyeanza kumsuka."

"Na huu mstari wa shingoni ni wa nini?"

Bi Zuwena alitabasamu kwa mara ya kwanza. Akaeleza taratibu, na Adventina hakumkatiza. Mama yake aliwapenda hondohondo waliokuwa wakipita juu ya shamba asubuhi kwa kelele zao, akajifunza kuwaweka kwenye mkeka. Lakini baba yake, Mwinshehe, alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani, akasema picha ya kiumbe haikai nyumbani kwake. Mama akasema basi na yeye hasuki tena. Nyumba ikanuna kwa muda, mikeka haikusukwa, mpaka siku moja mama akapitisha chane moja nyeupe shingoni mwa ndege, akampelekea mumewe. Kichwa kimetengwa na mwili. Si kiumbe kamili tena, ni ua la mkeka. Mzee akautazama, akaukalia. Tangu hapo kila ndege wa Mwanahalima alikuwa na mkato.

"Na majirani?"

"Hapa hakuna mwingine anayesuka mnyama, Afande. Wanasuka maua ya kawaida. Ndege na mkato ni ugomvi wa nyumbani kwetu, nani mwingine angeuhitaji?"

Adventina aliacha kuandika. Kalamu ilikuwa hewani na alijisikia furaha, ile furaha ya kazi ambayo hajawahi kumweleza mtu. Mstari ambao barua ya wanasheria ilisema hauwezi kuwa na chanzo kingine ulikuwa na chanzo, na chanzo kilikuwa mke na mume waliokorofishana juu ya ndege. Akauliza kama kuna mkeka wowote wa zamani wa Mwanahalima, hata kipande. Hapo uso wa Bi Zuwena ukabadilika. Mama alifariki miaka tisa iliyopita, na mikeka yote aliyoiacha iligawiwa kwa waliomuuguza na waliomwosha, kama desturi. Imekaliwa, imeanikiwa mihogo, imekwisha. Mkeka si mali ya kuweka sandukuni.

"Najua nitafungwa," alisema, sauti yake ya kawaida kabisa. "Kila mwizi anasema kitu ni cha kwao. Mimi ningekuwa hakimu nisingeniamini."

Mudathir alitazama pembeni. Adventina akatoa mfuko mtupu kwenye mkoba wake, akaukunjua juu ya mkeka.

"Dulla anasema ulipoletewa mfuko huu ulicheka. Ulicheka nini?"

"Nilimcheka aliyemsuka. Alikuwa bado anajifunza."

"Huyu hajasukwa, mama," Mudathir aliingilia kwa upole. "Amechorwa na kompyuta."

Bi Zuwena aliinua mabega, kwamba kompyuta ni shauri lao. Akachukua chane nyeupe akawaonyesha. Ukili unasukwa mshazari, kila chane inakimbia kutoka pembe kwenda pembe. Ukiipitisha nyeupe shingoni na kuiacha iende zake, mkato unapanda mshazari, kama huu wa mfukoni. Ukitaka mkato ukae sawa, lazima uirudishe katikati ya shingo, uikunje ushuke nayo. Ni kitu kidogo lakini kinafundishwa. Asiyejua hukunja vibaya akachana, au huiacha ijiendee.

Garini, Adventina aliushika ule mfuko mapajani mpaka Mzenga. Alikuwa ameuona mara elfu jikoni kwake na hakuwahi kuutazama. Sasa aliona kwamba mgongo wa ndege yule haukuchorwa kwa mviringo. Ulishuka kwa vingazi vidogo vidogo, na mkia hivyo hivyo. Mchoraji mwenye kalamu hana sababu ya kuchora vingazi. Vingazi ni vya mtu anayesuka.

"Nembo hii ilinakiliwa kutoka kwenye mkeka," alimwambia Mudathir. "Na mkeka huo ulisukwa na mtu aliyejua kumkata ndege shingo lakini hajui kurudisha chane. Tutafute mkeka."

"Na tusipoupata?"

"Basi Jumatatu tunapeleka jalada kama lilivyo, na mimi sitalala vizuri."

Alasiri ile ile walimwona mlalamikaji. Bwana Godbless, mkurugenzi wa kampuni ya unga, aliwapokea ofisini kwake chini ya hondohondo wa ukutani mwenye urefu wa mlango. Alikuwa mtu wa karibu miaka arobaini, nadhifu, na hakuwa mbaya. Alieleza kwamba mwaka uliopita kuna watu walifungasha pumba katika mifuko yenye nembo yake, wateja wakamrudishia lawama yeye, akakaribia kufunga kinu. Tangu hapo aliapa hatamwachia yeyote ndege wake, awe mkubwa au mdogo. Adventina alimwelewa. Mtu aliyeng'atwa hachagui tena anachokiogopa.

Aliuliza maswali mawili tu. La kwanza, ule mstari wa shingoni una maana gani? Godbless alisema ni mkufu, ishara ya ubora, imeandikwa hivyo kwenye kitabu cha kampuni. La pili, nani aliyeubuni? Hapo alisita. Alisema nembo ilibuniwa na baba yake, Mzee Anselmi, mwanzilishi, ambaye sasa amestaafu na analima Gwata. Akaongeza haraka kwamba mzee ni mtu wa umri, hana haja ya kusumbuliwa na mambo ya polisi.

Adventina akaandika Gwata.

Jumamosi walimkuta Mzee Anselmi akikagua mihogo yake, kofia ya majani kichwani, radio ndogo ikining'inia kwenye kamba ya suruali. Adventina alimpa shikamoo, naye akaitikia na kuwaweka kivulini kwenye viti viwili na ndoo iliyopinduliwa, ambayo aliikalia mwenyewe na kukataa katakata kubadilishana. Alipoulizwa kama ndiye aliyechora hondohondo, alicheka.

"Mwanangu, mimi hata mbuzi sijui kumchora. Nani kakwambia?"

"Ni mwanao, mzee."

"Godi? Hajaniuliza hata siku moja. Yeye amekua akaukuta mfuko una ndege, akajua baba kachora."

Akasimulia, na Mudathir aliandika mpaka ukurasa ukajaa. Aliteremka kutoka Rombo akiwa kijana, akiwa na mashine moja ya kusaga ya mkopo, na mahali pa kwanza alipoifunga palikuwa Chole, Kisarawe. Watu walimwita Baba Mashine, jina lake hawakulihitaji. Mkewe alipopata uchungu wa mtoto wa kwanza mvua ilikuwa imekata njia, na aliyemzalisha alikuwa mama mmoja wa jirani, Mwanahalima. Mtoto alipofikisha arobaini, mama yule aliwaletea zawadi, mkeka wa kumlazia mtoto. Ulikuwa na ndege. Miaka mingi baadaye, kampuni ilipoanza, mpiga chapa wa Dar alimwomba picha ya kuweka kwenye mfuko. Yeye akampelekea mkeka ule umekunjwa, na mpiga chapa akapiga picha ndege aliyekuwa juu.

"Mke wangu alimpenda hondohondo yule, na Chole ndiko nilikoanzia. Sikuona ubaya."

"Mkeka uko wapi sasa?"

Mzee aliingia ndani. Walimsikia akiburuta sanduku. Alipotoka alikuwa na mkeka umeviringishwa na kufungwa kwa khanga, na bahasha. Marehemu mkewe, alisema, ndiye peke yake aliyewahi kuuweka mkeka sandukuni. Watu wa pwani walikuwa wanamcheka. Ndani ya bahasha mlikuwa na picha iliyofifia: mtoto mnene wa kiume amelala kifudifudi, anamtazama mpiga picha kwa hasira, na mkono wake umeshika mdomo wa ndege mweusi. Nyuma pameandikwa kwa wino wa bluu: Godi, miezi mitatu, Chole, 1985.

Mudathir aliisoma tarehe mara mbili. "Afande, huyu ndiye mlalamikaji," alisema, "na amelala juu ya kielelezo."

Hapo tu ndipo Adventina alipomweleza mzee ni nani aliyekamatwa. Mzee Anselmi alivua kofia. Aliuliza kama ni Zuwena yule mdogo, binti wa Mwanahalima, aliyekuwa anambeba Godi mgongoni mashine ikinguruma. Akatafuta simu yake mfukoni ili ampigie mwanawe saa hiyo hiyo. Adventina alimzuia. Alimwomba asizungumze na mwanawe wala na Bi Zuwena mpaka Jumatatu saa tatu, na aje mwenyewe kituoni na mkeka ukiwa umefungwa hivyo hivyo. Mudathir alishangaa njiani kwa nini hawakuufungua. Adventina alimwambia mkeka unaweza kuwa wa Mwanahalima na wanasheria bado wakauliza nani anajua kama ni wake. Alitaka kumpata anayejua kilichomo kabla hajakiona.

Jumatatu Bi Zuwena alifika saa mbili na nusu kuripoti, amejitanda vizuri, na mkononi ana mfuko wenye nguo za kubadilisha. Alikuwa amejiandaa kutorudi nyumbani. Adventina aliuona ule mfuko, akajifanya anatafuta kalamu.

Alimkalisha chumba cha mahojiano, Mudathir akashika karatasi. Akamwuliza kama mama yake aliwahi kumzawadia mtu mkeka wa ndege ambao yeye Zuwena alitia mkono. Bi Zuwena alifikiri. Mikono yake, kwa kukosa cha kusuka, ilikuwa inakunja pindo la khanga.

"Mmoja tu. Wa mtoto wa Baba Mashine. Mama alikuwa anaharakisha arobaini, akanipa mimi ndege wa mwisho, wa pembeni. Nilikuwa na miaka tisa."

"Ndege wangapi?"

"Kumi na wawili. Kumi na mmoja wa mama, mikato yao imenyooka. Wangu mkato umepanda, sikujua kuirudisha chane. Nilitaka kuufumua. Mama akasema uache, mtoto hatajua."

Mudathir aliyaandika maneno hayo, akamsomea, akaweka saa: mbili na dakika arobaini na nane. Bi Zuwena akatia dole gumba. Adventina akatia sahihi chini yake, kisha akafungua mlango wa ofisi kubwa.

Mzee Anselmi alikuwa ameshakaa kwenye benchi, mkeka mapajani. Alipomwona Bi Zuwena alisimama, wakatazamana, na kwa muda ilionekana kila mmoja anatafuta mtu mwingine ndani ya yule aliyeko mbele yake. Mwanamke ndiye aliyemwamkia kwanza. Sauti ya mzee haikutoka vizuri alipoitikia. Godbless naye akaingia saa tatu kamili, funguo za gari mkononi, akija kuhakikisha jalada linaondoka. Alimkuta baba yake na akasimama mlangoni.

"Baba, umeletwa huku na nani?"

"Kaa usikilize," alisema mzee.

Adventina alisoma karatasi kwa sauti, na saa yake, bila kuongeza neno. Ndipo akaifungua khanga na kuutandika mkeka katikati ya ofisi. Walikuwa hondohondo kumi na wawili, weusi wao umekuwa wa kahawia kwa miaka. Kumi na mmoja walikuwa na mkato ulionyooka. Wa pembeni mkato wake ulikuwa umepanda mshazari, na mgongo wake ulishuka kwa vingazi. Mudathir aliweka mfuko wa unga pembeni mwa ndege huyo, halafu ile picha. Hakuna aliyehitaji rula.

Godbless aliisoma nyuma ya picha. Akaitazama mbele, akarudi nyuma tena. Kwenye barua aliyoitia sahihi yeye mwenyewe ilikuwa imeandikwa kwamba asiyeiga asingeweza kuupata mstari ule, na sasa alikuwa anautazama ulikotoka. Alipiga hatua kumsogelea ndege wa pembeni, kiatu chake cheusi kikaning'inia juu ya ukingo wa mkeka.

"Vua viatu, baba," alisema Bi Zuwena. "Hapo ndipo ulipokuwa unalala."

Alivua. Alifungua kamba taratibu akiwa amepiga magoti, akaviweka viatu pembeni, akapita kwa soksi mpaka kwenye pembe ile na kuweka kidole juu ya mkato.  Kisha akaomba kalamu, na alipoambiwa kwamba kuondoa malalamiko ni lazima kwa maandishi, aliuliza aandike nini. Adventina alimwambia aandike alichokiona. Akaandika akiwa pale pale chini, karatasi juu ya mfuko wa unga, na akamaliza kwa kuomba Bi Zuwena arudishiwe vikapu vyake vyote na asibughudhiwe tena na mtu wa kampuni. Inspekta akaandika maoni yake kwenye jalada, hakuna kosa, akalifunga.

Askari wa zamu walianza kushusha vikapu, kimoja kimoja, kwa masikitiko. Bi Zuwena hakuvitazama. Alikuwa amekaa kwenye ukingo wa mkeka, mfuko wake wa nguo ubavuni, anaifuata kwa ukucha ile chane nyeupe kutoka upande mmoja wa shingo hadi mwingine, mahali ilipopanda na haikurudi.

"Siku ile ningejua kuirudisha," alisema, "leo ningekuwa nafungwa."